Saxton Pope: Daktari aliyewafuata simba wa Tanganyika na mishale mizito

DODOMA. MWAKA 1925, miaka 100 na ushee iliyopita, jamaa watatu kutoka California, Marekani, waliingia Tanganyika wakiwa na mzigo uliowachekesha Wazungu wengi wa zama zile. Kwenye mizigo yao kulikuwa na pinde za mbao na mishale kibao. Walikuja kuwinda simba wa nyika za Serengeti kwa upinde.

Mmoja wao alikuwa mwandishi wa vitabu, Stewart Edward White. Wa pili alikuwa Arthur Young, mpiga upinde ambaye kwa shabaha hakuwa na mpinzani kwenye lile kundi. Wa tatu, ambaye ndiye kichwa cha habari hii, alikuwa daktari wa upasuaji: Saxton Temple Pope.

Leo hii kwenye ulimwengu wa upinde wa kuwindia jina la Pope linatajwa kama mashabiki wa soka wanavyomtaja Pele. Lakini ukiondoa sifa zote, maisha yake ya michezo yalikuwa ni ya kuhangaikia swali moja tu. Unaongezaje uzito kwenye mshale ili uingie ndani ya mnyama mkubwa, bila kuuharibu ukaanza kuyumba hewani kama mpira wa makaratasi?

Swali hilo linaonekana dogo. Mbele ya simba aliyejeruhiwa si dogo hata kidogo.

Mtoto wa kambini

Pope alizaliwa Septemba 1875 huko Fort Stockton, Texas. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, kwa hiyo utotoni dogo alikulia kwenye kambi za mipakani, akicheza na visu, kamba, farasi na kila kitu kinachorushwa. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha California, akahitimu 1899, akafanya kazi kwa miaka kadhaa kwenye mji mdogo wa Watsonville kabla ya kuhamia San Francisco kufundisha upasuaji.

Alikuwa mtu wa mikono. Alipenda useremala, alipenda kufua vyuma, na alikuwa bingwa wa kiini macho, yaani yale mazingaombwe ya kuficha sarafu kiganjani. Kipaji hicho cha mwisho kilimsaidia kwa namna ambayo hakuitarajia.

Jirani na chuo cha udaktari alikofundisha kulikuwa na jumba la makumbusho. Ndani yake aliishi mtu aliyeitwa Ishi.

Mwalimu aliyetoka porini

Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville, California, mtu mmoja alitokea machinjioni akiwa amekonda kwa njaa. Alikuwa wa mwisho wa watu wa Yahi, jamii iliyouawa na walowezi mpaka ikaisha. Kwa mila zao mtu hajitaji jina lake, hivyo mwanaanthropolojia Alfred Kroeber akampa jina la Ishi, neno ambalo kwa lugha yake maana yake ni mtu, basi.

Ishi alichukuliwa San Francisco, akapewa chumba na kazi kwenye makumbusho. Mwili wake haukuwa na kinga ya magonjwa ya mjini na alikuwa akiugua mara kwa mara. Daktari wake akawa Pope. Ishi alipoona sarafu zinapotea mkononi mwa daktari, akaamini kwamba huyu ni mganga kwelikweli, si kama wale wengine wa hospitali wanaotoa vidonge tu. Urafiki ukaanzia hapo.

Pope alianza kumtazama Ishi akichonga pinde na mishale, kisha akaanza kujaribu mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anapiga ovyo. Ishi alipiga akiwa amechuchumaa, upinde ameulaza, na aliuvuta upote kwa kidole gumba. Upinde wake ulikuwa mfupi na haukuwa mgumu sana, kama paundi 40 na kitu hivi, sawa na kuvuta mzigo wa kilo 20. Kwa macho ya mtu anayependa nguvu, si kitu. Lakini kwao Yahi upinde wa aina ile ndio uliowalisha nyama ya swala wa kule.

Siri ilikuwa kwenye mshale. Mishale ya Ishi ya kuwindia haikuwa mti mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wano, yaani ule mti mrefu, ulikuwa mwepesi. Mbele yake alichomeka kipande kifupi cha mti mwingine, mgumu na mzito zaidi, chenye urefu wa kama shubiri moja. Alitoboa tundu kwenye ncha ya wano, akakiingiza, akagundisha kwa gundi na kufunga kwa kano za mnyama. Ndipo akaweka chembe ya jiwe linalokata kama wembe.

Kwa maneno mengine, uzito wote aliusogeza mbele. Nyuma kukabaki wepesi na manyoya.

Hilo ndilo somo ambalo Pope alilibeba maisha yake yote, japo baadaye aliachana na namna ya Ishi ya kupiga akafuata ya Kiingereza.

Kwa nini uzito una maudhi

Hapa inabidi kusimama kidogo, maana bila kuelewa jambo hili safari yote ya Pope haina maana.

Ukiachia upote, mshale hauondoki ukiwa umenyooka. Nguvu inasukuma kutoka nyuma, kichwa kimechelewa mbele, basi mti unapinda katikati kama samaki anayeogelea. Unapinda, unaupita mti wa upinde bila kuugonga, kisha unajinyoosha hewani. Mshale uliolingana na upinde wake hujinyoosha haraka na kwenda moja kwa moja. Usiolingana hutapatapa njia nzima.

Sasa ongeza uzito kwenye chembe. Kichwa kinachelewa zaidi, mti unapinda zaidi. Ule mti uliokuwa mgumu wa kutosha jana, leo unafanya kazi kama mti laini. Mshale unatoka ukiyumba, unapiga pembeni, na hata ukimpata mnyama unaingia kwa ubavu, nguvu inapotelea kwenye kuyumba badala ya kupenya. Umeongeza uzito, umepunguza madhara. Ni hasara tupu.

Dawa zake zinajulikana. Tumia mti mnene zaidi au mgumu zaidi. Au ukate mshale uwe mfupi, maana mti mfupi haupindi kirahisi. Weka manyoya marefu nyuma ili yaushike mkia mapema. Au rudi kwenye ujanja wa Ishi: kile kipande kigumu cha mbele kinaongeza uzito na kukaza mti kwa wakati mmoja.

Na faida ya uzito ni ipi? Yeyote aliyecheza chandimu anaijua. Mpira wa makaratasi hata uupige kwa nguvu zote, unakwenda mita chache halafu unaisha pumzi. Mpira wa ngozi unaondoka taratibu zaidi mguuni, lakini ukikufika tumboni utakaa chini. Mshale mzito ni hivyohivyo. Unatoka polepole, ila unachukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya upinde na hauachii hovyo ukikutana na ngozi, misuli na mfupa.

Pope alitumia mbao za mbetula zenye unene wa karibu milimita 9.5, mishale ya inchi 28, manyoya ya bata mzinga, na vyembe vya chuma alivyovitengeneza kwa mkono, bapa na vipana kupita inchi moja. Upinde wake wa kuwindia ulikuwa wa paundi 75, kama kilo 34. Ule wa Young ulikuwa wa paundi 85. Jaribu kunyanyua ndoo mbili za maji kwa vidole vitatu, ndipo utajua hawa jamaa hawakuwa wa mchezo.

Kifo cha Ishi

Mei 1914 Pope, mwanawe, Kroeber na mwenzao Waterman walikwenda na Ishi hadi Deer Creek, kwenye mabonde alikokulia. Huko Ishi aliwaonyesha njia, mapango, mitego na namna ya kumwita mnyama kwa sauti. Kwa Pope ile ilikuwa ni kambi ya mazoezi ambayo hela haiwezi kuinunua.

Miaka miwili baadaye, Machi 25, 1916, Ishi alifariki kwa kifua kikuu. Pope alimuuguza mpaka mwisho.

Ila hapa pana doa, na haifai kulifunika. Ishi alikuwa hapendi kabisa habari ya kupasua maiti, na rafiki zake walilijua hilo. Kroeber, aliyekuwa safarini, aliandika barua kuzuia mwili usiguswe. Barua ilichelewa. Hospitali iliyokuwa kazini kwa Pope iliupasua mwili, ubongo ukatolewa, na Pope hakuzuia. Mwaka 1917 ubongo ule ulipelekwa kwenye taasisi ya Smithsonian jijini Washington, ukakaa huko zaidi ya miaka 80. Mwaka 2000 ndipo ulirudishwa kwa jamii za wenyeji wa California na kuzikwa mahali pasipotangazwa.

Mwili uliobaki ulichomwa moto kama walivyofikiri mila ya Yahi inataka, pamoja na upinde wake mmoja na mishale mitano.

Daktari aliyeheshimu kila fundo la mshale wa mwalimu wake alishindwa kuuheshimu mwili wake. Wanaomsifia Pope mara nyingi huruka ukurasa huu.

Fulana ya chuma

Baada ya Ishi, Pope hakupoa. Alishirikiana na Will Compton, mzee aliyejifunza upinde utotoni kwa Wasioux na aliyejua pinde ndefu za Kiingereza. Halafu akaja Arthur Young. Watatu hawa wakawa kama safu ya ushambuliaji isiyobadilishwa, kila wikiendi wako milimani.

Tofauti ya Pope na wengine ni kwamba alipima vitu. Alichukua pinde za makabila mbalimbali ya dunia zilizokuwa makumbusho, akazivuta, akapima mishale inakwenda umbali gani na inaingia kiasi gani. Matokeo aliyachapisha 1923 kupitia Chuo Kikuu cha California.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha fulana ya chuma, vazi la vita la karne ya 16 lililofumwa kwa vipete vya chuma. Pope alitaka kujua kama mshale wenye ncha ya chuma kutoka upinde wa paundi 75 utapenya. Mfanyakazi wa makumbusho, bila kujua anaomba nini, alijitolea kulivaa ili apigwe yeye. Bahati yake daktari alikuwa na busara, akalivisha kasha la mbao lililofunikwa magunia. Mshale ulipiga, cheche zikaruka, ukapita ndani na kuzama vizuri kabisa. Yule bwana alipoona, rangi ilimtoka.

Mwaka huohuo wa 1923 kilitoka kitabu chake Hunting with the Bow and Arrow, ambacho kiliwafanya vijana wengi wa Kimarekani waanze kuchonga pinde nyuma ya nyumba. Wakati ule hata Olimpiki ilikuwa imeutupa mchezo huu: baada ya Antwerp 1920 haukurudi hadi Munich 1972. Pope aliufufua bila uwanja, bila medali.

Kabla ya hapo, 1920, yeye na Young walikuwa wameshakwenda Yellowstone kuwinda dubu wakubwa wa grizzly kwa ajili ya makumbusho, kwa kibali maalumu. Dubu waliangushwa kwa mishale. Lakini pembeni alikuwepo mwongozaji wao na bunduki, na kuna wakati ilibidi ifyatuliwe. Hiyo ilikuwa dalili ya mambo yatakayokuja.

Mbele ya simba

White alishapita upande wa kaskazini wa Serengeti mwaka 1913, enzi za Mjerumani, na alijua pale simba ni wengi. Safari ya 1925 walikaribishwa na Leslie Simson, mhandisi wa migodi wa San Francisco aliyegeuka mwindaji. Pinde zilitoka kwenye mifuko.

Kwa swala na wanyama wa aina hiyo mishale ilifanya kazi kama ilivyofanya kwao. Kwa simba mambo yakabadilika.

Tatizo halikuwa kupenya. Chembe pana ya chuma, mti mnene na upinde wa paundi 75 kwenda juu vilitosha kuingia kifuani mwa simba, na simba walikufa kwa mishale ile. Tatizo lilikuwa muda. Risasi nzito inamtikisa mnyama na inaweza kumwangusha palepale. Mshale unakata, damu inatoka, mnyama anaishiwa. Hata mshale uliopita sehemu sahihi kabisa unahitaji sekunde kadhaa. Simba aliyekasirika anazila mita 50 kwa takriban sekunde tatu.

Fanya hesabu mwenyewe. Mshale umeingia, simba ni maiti lakini hajajua bado, na sekunde zake za mwisho ameamua kuzitumia na wewe.

Ndiyo maana bunduki zilikuwa jirani muda wote, na baadhi ya simba waliochomwa mishale walimaliziwa kwa risasi walipogeuka kushambulia. White alikuwa mlengaji hatari, na bila yeye huenda habari hii ingeishia kwenye makaburi ya porini. Waliokuwa wanambeza Pope wakapata la kusema: upinde umeshindwa. Kiukweli haukushindwa, ila ulionyesha mpaka wake. Uzito unanunua kina cha jeraha, haununui muda.

Wenyeji walishalijua

Kinachosisimua ni kwamba kusini kidogo tu ya nyika zile, kwenye uwanda wa kati, walikuwepo watu waliolitatua fumbo hilo kwa njia nyingine kabisa. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, na Wasandawe wa upande wa Kwa Mtoro na Farkwa ambako sasa ni Wilaya ya Chemba, Dodoma, waliishi kwa upinde. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu wenye pinde waliochorwa zamani sana kabla ya mzungu yeyote kupima kitu.

Mhadzabe hana haja ya uzito mkubwa kwa mnyama mkubwa. Anatumia sumu, utomvu wa miti uliochemshwa mpaka ukawa mweusi kama lami, unaopakwa nyuma ya chembe ya chuma. Mshale ukishaingia kiasi cha sumu kukutana na damu, kazi imekwisha. Kinachobaki ni kufuata nyayo kwa subira. Na wala upinde wake si mlaini: wastani ni karibu paundi 70, unakaribiana na wa Pope.

Lakini kwenye kulinganisha mshale na upinde, wanaelewana na daktari neno kwa neno. Mti unachaguliwa, unapashwa moto, unang'atwa kwa meno na kunyooshwa hadi jicho liridhike. Manyoya ya kanga au ndege wengine yanafungwa kwa kano. Chembe inafuliwa kwenye jiwe, mara nyingi kutoka msumari tu. Mshale wa ndege unaachwa na ncha ya mti, mwepesi. Wa mnyama mkubwa unapewa chuma. Hakuna anayetia chuma kizito kwenye mti mwembamba halafu akategemea bahati.

Pope aliwinda bila sumu, kwa hiyo mzigo wote aliubebesha chuma na mti. Hilo linaeleza kwa nini mishale yake ilikuwa minene hivyo, na kwa nini alihitaji bunduki ya rafiki.

Baada ya Serengeti

Alirudi Marekani akaandika kitabu cha safari ile, The Adventurous Bowmen, kilichotoka 1926. Agosti mwaka huohuo alipatwa na nimonia akafariki, hajatimiza hata miaka 51. Kwa daktari wa zama zile zisizo na antibiotiki, alijua vizuri kinachomuua.

Young alifuata 1935. Mwaka 1961 wapiga upinde wa Marekani walianzisha chama cha kutunza rekodi za uwindaji wa upinde, wakakiita kwa majina ya hao wawili: Pope and Young Club.

Ubishi wa uzito nao haukuzikwa. Miaka ya 1930 mwanasayansi Clarence Hickman alipiga filamu za kasi na dunia ikaona kwa macho mshale unavyopinda ukitoka kwenye upinde. Miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Ed Ashby, alifanya majaribio ya mishale kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini. Alichokuta ni kwamba mshale mzito, uliolemea mbele na unaoruka bila kuyumba, ndio unaovuka mfupa. Kile kipande cha mti mgumu ambacho Ishi alikichomeka mbele ya wano lake, mafundi wa leo wanakiuza madukani kikiwa cha shaba au chuma cha pua.